Sentimita sabini na nane za kisima namba kumi na saba

JUMANNE, Septemba 18, 2018. Upepo mkavu unavuma tangu alfajiri, anga haina wingu hata moja, na katika redio ya gari mtangazaji anasema nyuzijoto tisa, mvua haitarajiwi wiki hii.

Saa moja na robo asubuhi, Ruphin Mwansa anapiga magoti kando ya kisima namba kumi na saba katika bonde la Witpoel, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka katikati ya Johannesburg. Hapigi magoti ili asali. Sala ameimaliza nyumbani kabla ya kuvaa viatu. Anapiga magoti kwa sababu bomba la kisima ni fupi, na leo ndiyo mara ya kwanza analiona kuwa ni fupi.

Wiki iliyopita moto wa nyasi ulipita hapa, kama unavyopita katika uwanda huu kila majira ya baridi yanapokwisha. Mwaka jana haukufika upande huu. Nyasi zilizokuwa zikimfika kiunoni zimekuwa majivu, na bomba la chuma linalochomoza ardhini limebaki uchi. Fomu aliyoishika mkononi inasema bomba hilo limesimama sentimita mia moja juu ya ardhi. Lililo mbele yake halifiki hata magotini.

Anatoa tepu ya mfukoni na kulipima. Sentimita ishirini na mbili. Anafuta majivu chini ya bomba kwa kiganja, anapima tena. Ishirini na mbili.

Ruphin ana miaka arobaini na minane. Alizaliwa Likasi, kusini mwa Kongo, na anaishi Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, na mkewe Murielle, ambaye ni fundi cherehani, na binti yao Kelly. Kwa miaka minne sasa kazi yake imekuwa kupima maji yasiyoonekana. Ameajiriwa na kampuni ndogo yenye ofisi Newtown, ambayo imepewa na serikali zabuni ya kufuatilia maji ya ardhini katika bonde hili la wakulima. Kila mwezi yeye na mwenzake mmoja huzunguka visima thelathini na vinane. Mshahara wake ni randi elfu saba na mia mbili, na nusu yake inakwenda kwenye kodi ya vyumba viwili.

Kazi yenyewe haina mengi. Anafungua kifuniko, anateremsha ndani ya bomba tepu ndefu yenye kichwa cha chuma, na kichwa kikigusa maji kengele ndogo inalia. Hapo anasoma tepu kwenye ukingo wa bomba, mahali palipochorwa mshale mwekundu, na kuandika kina. Kisha anatakiwa kupima urefu wa bomba kutoka ardhini hadi ukingoni na kuuandika pia. Ofisini wanatoa namba moja katika nyingine na kujua maji yako umbali gani chini ya udongo.

Leo kengele inalia kwenye mita 23.40. Septemba ya mwaka 2016, katika kisima hikihiki, ililia kwenye mita 23.40.

Kwa miaka miwili wataalamu wameziangalia namba za kisima hiki kwa furaha. Ukame wa 2015 na 2016 ulikausha mabwawa na kuua ng'ombe, na wakulima wa bonde zima waligeukia visima. Mvua ziliporudi, visima vya sehemu ya juu ya bonde havikupona. Namba kumi na saba, ambacho ndicho kisima cha kuongozea hesabu za sehemu yote ya chini, kilionekana kupona na kutulia. Kwa sababu hiyo rasimu ya mpango wa serikali wa kugawa maji, utakaotumika miaka mitano, inasema wakulima wa juu wapunguze theluthi moja ya maji wanayovuta, na wa chini waendelee kama walivyo.

Mpango huo unasomwa mbele ya wakulima keshokutwa, Alhamisi, na baada ya hapo unakwenda kutiwa saini.

Ruphin anakaa chini kwenye majivu. Bomba limepungua sentimita sabini na nane. Kwa hiyo tepu inasafiri sentimita sabini na nane pungufu kabla ya kugusa maji, na kwenye karatasi maji yanaonekana hayajasogea. Ukweli ni kwamba yameshuka, na yameshuka kwa kiasi hichohicho.

Bakiri alimkuta hapo. Ni Mtanzania kutoka Kigoma, mwenye miaka thelathini na tisa, na mwaka wa sita huu anatunza mitambo ya kumwagilia katika shamba la Lourens Kriel, ambalo halilimi chakula bali nyasi za bustani, zinazokatwa kama mikeka na kupelekwa kwenye nyumba kubwa za kaskazini mwa Johannesburg. Wawili hao walifahamiana kwa sababu ya lugha. Siku ya kwanza Bakiri alimsikia mgeni akilaani mlango wa gari kwa Kiswahili, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo anamwita Papa Ruphin, kama Wakongo wanavyoitana, ingawa Kiswahili cha Likasi anasema kinamchosha masikio.

"Papa Ruphin," alisema Bakiri, "leo mpaka kisima unakisalia?"

Ruphin aliuliza ni nani aliyelikata bomba.

Bakiri alishangaa kwamba jambo hilo linaulizwa leo. Ni wezi wa vyuma chakavu, alisema, Oktoba ile ya mwaka juzi. Walikata uzio, wakabeba geti la kisima na kila chuma walichoweza.

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia kifuniko."

"Kifuniko na kipande cha bomba. Vilikwenda pamoja, ningekwambiaje kimoja kimoja?"

"Na mshale?"

"Mshale nilikuchorea mimi. Rangi ilibaki tulipopaka trekta. Nikasema mzee wa watu akija hapa atahangaika, hajui asomee wapi."

Mwezi ule Ruphin hakuja. Alikuwa Pretoria kwenye foleni ya kuongeza muda wa karatasi zake za ukimbizi, siku tatu mfululizo, na ratiba ya visima ikampita. Alipokuja Novemba mvua zilikuwa zimekwisha anza, nyasi zilikuwa zimepanda, na juu ya bomba palikuwa na kopo la rangi lililokandamizwa kwa jiwe. Akaambiwa kifuniko kimeibwa. Akaona mshale mwekundu mahali pake. Akateremsha tepu.

Kosa la Bakiri lilikuwa wema. La Ruphin lilikuwa jingine, na yeye mwenyewe hakulipunguza alipolieleza. Kupima urefu wa bomba ni kazi ya dakika moja, lakini ni dakika ya kuinama na kutafuta udongo katikati ya nyasi, nyoka wakiwamo. Na bomba la chuma halirefuki. Kwa hiyo alikuwa akinakili namba ya mwezi uliopita.

"Nimeandika sentimita mia moja mara ishirini na mbili," alisema. "Kila mara nikatia saini kwamba nimepima. Mwizi aliiba chuma. Mimi niliongeza uongo."

Bakiri naye akaanza kuhesabu. Aliuliza kama Papa Ruphin akilisema jambo hili, huku chini nako watakata maji. Ruphin akajibu kwamba watakata, na kwamba pengine ya juu yatapunguzwa chini ya theluthi, kwa kuwa mzigo utagawanywa upya.

"Nyasi hazivumilii kiu," alisema Bakiri. "Hapa tuko ishirini na sita. Maji yakipungua, bosi hatauza sebule yake atulipe sisi." Alipiga majivu teke. "Na huu moto nao. Ungekawia wiki moja tu."

Ndani ya gari Ruphin alimsimulia mwenzake, Fiacre, Mrundi wa miaka thelathini na mmoja anayeendesha bakkie, pikapu ya kazi, na kupima visima vya upande wa juu. Fiacre alisikiliza hadi wakafika barabara ya lami. Kisha akatoa ushauri ambao mtu asiyeifanya kazi hii asingeufikiria.

"Usiseme kitu, mzee. Ongeza sentimita sita kila mwezi. Sita hazimshtui mtu. Baada ya mwaka mmoja namba zimerudi mahali pake, na hakuna aliyefukuzwa."

Ulikuwa ushauri mzuri kwa hesabu, na Ruphin alikiri kwamba aliupigia hesabu hadi walipofika Krugersdorp. Miezi kumi na mitatu ingetosha. Ila mpango unatiwa saini mwezi huu, si baada ya miezi kumi na mitatu. Wakulima wa juu wangekuwa wamekatwa maji kwa miaka mitano kwa ajili ya kipande cha bomba kilichouzwa kwa kilo.

Hesabu za desimali Ruphin alijifunza akiwa mtu mzima. Likasi aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitatu akawa kibarua wa pampu mgodini, kazi ya kutoa maji ardhini usiku na mchana ili watu wachimbe. Johannesburg alianza kama mlinzi wa ghorofa moja huko Berea, na jioni akajiandikisha darasa la watu wazima katika ukumbi wa kanisa palepale mtaani. Alikaa benchi moja na vijana waliomwita babu. Alipofaulu alitoa sadaka ya shukrani, na cheti chake kimetundikwa ukutani kando ya msalaba.

Chini ya ukuta huo, Jumanne jioni, alimweleza mkewe. Murielle alikuwa akishona mashati ya shule na hakusimamisha cherehani mpaka aliposikia neno saini.

"Papa Kelly, umemwambia Mungu?"

"Nimemwambia tangu asubuhi."

"Amejibu nini?"

"Bado."

"Basi hilo si swali la kumrudishia Mungu kila saa. Bi Tladi wa kazini kwako ana ofisi, ina mlango. Kesho ugonge."

Kelly, mwenye miaka kumi na minne, aliuliza kwa Kiingereza kama baba atafukuzwa kazi. Mama yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba chakula kiko mezani. Walikula. Kisha wote watatu walipiga magoti, na Ruphin alisali kwa maneno machache kuliko kawaida yake. Murielle anasema aliomba jambo moja tu, kwamba asije akatafuta namna ya kulisema lionekane dogo.

Dk. Refilwe Tladi ndiye mtaalamu wa maji ya ardhini anayesimamia takwimu za kampuni hiyo. Ni mwenye miaka thelathini na sita na humwita Ruphin Ntate, neno la heshima analoitwa baba kwa Kisotho. Jumatano asubuhi, Newtown, Ruphin aliweka mezani fomu ishirini na mbili na picha ya bomba aliyoipiga kwa simu, tepu ikiwa imesimama kando yake.

Bi Tladi alizipitia moja moja. Halafu akafungua kompyuta, akaingiza namba mpya, na mstari wa kisima namba kumi na saba, uliokuwa umeruka juu mwisho wa 2016, ukainama na kufuatana na mistari ya sehemu ya juu. Ruphin anasema aliuona ukishuka akahisi kama anateremka nao.

Daktari huyo alisema naye ana sehemu yake. Maji yalipoonekana kupanda ghafla Novemba ile, yeye aliandika pembeni kwamba ni mvua, na hakutuma mtu kuhakikisha. Alisema atampigia simu ofisa wa serikali leo hii, na kesho mkutanoni atatangaza kwamba takwimu za kisima kimoja zimesahihishwa. Jina la mtu si lazima litajwe. Ntate Ruphin angeweza kubaki ofisini.

"Saini ni yangu," alisema Ruphin. "Wakiuliza alikuwa nani, na mimi niko Newtown nakunywa chai, hawataamini hata ile namba mpya."

Bi Tladi akamkumbusha kwamba mkataba wake unakwisha Septemba 30, na kwamba yeye si mwenye uamuzi wa kuuongeza. Alisema anamkumbusha kwa sababu ni haki yake kujua. Ruphin alishukuru, akakusanya fomu zake.

Alhamisi, saa nne asubuhi, watu wapatao sabini walikaa kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa shule ya msingi ya Witpoel. Wa juu walikaa kushoto na wa chini kulia bila mtu kuwapanga. Mkalimani alitafsiri Kiingereza kwa Kitswana na Kiafrikana. Mstari wa nyuma, upande wa kulia, walikuwapo wafanyakazi wa shamba la Kriel, Bakiri akiwa kati yao.

Ofisa wa serikali alieleza rasimu. Bi Tladi akaeleza kwamba kuna marekebisho. Kisha Ruphin akasimama, katika suti yake ya kanisani, na kueleza kwa Kiingereza chake cha polepole jinsi bomba lilivyokatwa, jinsi maji yalivyoonekana yametulia, na jinsi alivyoandika sentimita mia moja mara ishirini na mbili bila kuinama. Hakumtaja aliyechora mshale.

Mkalimani alimaliza lugha ya pili. Wa kwanza kuzungumza alikuwa Keneilwe Motaung, mwenye miaka sitini na mmoja, kiongozi wa kikundi cha wanawake kumi na wawili wanaolima spinachi na kabichi katika sehemu ya juu. Alisema wiki mbili zilizopita walikwisha amua ni matuta gani ya mboga watayaacha yafe. Waliamua kwa kupiga kura, na wanawake wawili hawasemeshani mpaka leo kwa sababu ya kura hiyo.

"Wewe baba," alimwambia Ruphin, "ulikuwa mvivu wa kuinama, na mimi nikagombanisha marafiki."

Ruphin alisema ni kweli.

Nyuma kabisa Bakiri alisimama. Alisema kwa Kiingereza cha shambani kwamba mshale aliuchora yeye, na rangi ilikuwa ya trekta la bosi. Watu kadhaa walicheka. Kriel aligeuka akamtazama, na mtu mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti kwamba sasa wanajua trekta la Kriel linapaka rangi mpaka serikali. Kriel mwenyewe alicheka kidogo, kisha akaacha.

Yeye ndiye aliyeuliza swali lililobaki. Lourens Kriel ana miaka hamsini na mitano, na taarifa ya asubuhi hiyo ilikuwa imemgharimu kuliko mtu yeyote ukumbini. Hakupandisha sauti.

"Umesema kisima kimoja kilikuwa uongo. Visima viko thelathini na vinane. Nitajuaje kwamba vingine ni kweli? Na kwa nini nikate maji yangu kwa neno la mtu aliyekiri kuwa hakupima?"

Bi Tladi alianza kujibu. Ofisa wa serikali pia alianza kujibu, akisema utiaji saini utasogezwa hadi mwisho wa Oktoba na kampuni itaombwa kuhakikisha takwimu. Keneilwe aliinua mkono akasema swali hakuulizwa ofisa.

Ruphin alikuwa bado amesimama. Alisema Bwana Kriel ana haki, na kwamba visima vyote vipimwe upya kuanzia urefu wa bomba. Alisema anaweza kupima vitano kwa siku.

Keneilwe alimuuliza nyumbani kwake anasali kwa lugha gani. Akajibu, Kiswahili.

"Basi usituahidi kwa Kiingereza," alisema mama huyo. "Kiingereza ni cha ofisi. Sema kwa lugha ambayo Mungu wako anakusikia, halafu huyu wa trekta atutafsirie."

Bakiri akaja mbele, akasimama kando yake. Ruphin alivua kofia. Alisema sentensi moja moja, akingoja kila moja itoke kwa Kiingereza, kisha Kitswana, kisha Kiafrikana, na kila mara watu walimtazama yeye, si wakalimani.

"Mimi, Ruphin Mwansa, mwana wa Kalunga wa Likasi, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu. Kuanzia Jumatatu nitapima upya visima vyote thelathini na vinane, vya juu na vya chini. Nitaanza na bomba, kutoka udongo hadi ukingo. Sitateremsha tepu mpaka mwenye shamba, au mtu aliyemtuma, awe amesimama hapo. Namba ataisoma yeye kwa macho yake, aitaje, na mimi niiandike kama alivyoitaja. Chini ya saini yangu itakuwapo saini yake. Mkataba ukiisha kabla ya visima, nitakuja kwa teksi, kwa nauli yangu."